Mistari au kipara? Besi ya kikundi chetu na noti isiyo na mstari

Jioni ile ya mazoezi tulikuwa tumefika katikati ya bashrafu, fidla mbili, udi, dumbaki na mimi kwenye besi, wote tunakwenda na melodia moja, pale Ami aliposhusha upinde wa fidla yake na kunyamaza. Ami akinyamaza, kikundi kizima hunyamaza. Alinigeukia bila hasira.

"Mwanangu, hiyo noti umeitoa wapi?"

Nikatazama kidole changu. Kilikuwa juu ya mstari, sawasawa, hakuna wa kunilaumu.

"Kwenye mstari, Ami."

"Basi irudishe hukohuko kwenye mstari, halafu ututafutie nyingine."

Watu walicheka mpaka mpiga dumbaki akaangusha ngoma yake. Nami nilicheka, lakini nilipofika chumbani usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimejifunza kwa miezi minne kuweka kidole penye mstari, na sasa mtu aliyepiga taarab Unguja kabla sijazaliwa ananiambia mstari wenyewe ndio uliokosea. Makala haya yametoka hapo. Yanahusu pia uamuzi ambao Chama kitaufanya wiki ijayo kuhusu pauni 400 za mfuko wa muziki, kwa hiyo naomba hata wasiojali magitaa wanivumilie.

Kwa wasiopiga gitaa, freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, uzi unakigusa chuma, na chuma ndicho kinachoamua noti. Kidole kikisogea kidogo huku au kule, noti ni ileile. Ng'oa vyuma hivyo vyote, na mwamuzi sasa ni nyama ya kidole. Ndivyo zilivyo fidla, selo, udi na dabalbesi, na ndiyo maana wanafunzi wa fidla hukera majirani kwa mwaka mzima kabla ya kuanza kupendeza. Besi ya umeme isiyo na freti ni gitaa la kisasa lililorudishwa katika ukoo huo wa zamani.

Besi hizo ziko za namna mbili, na hapa ndipo ugomvi unapoanza. Namna ya kwanza ina mistari: pale ambapo freti ingekaa, fundi ameweka ukanda mwembamba wa mbao nyeupe au plastiki, umesawazishwa na ubao hata kidole hakiuhisi, lakini jicho linauona. Namna ya pili haina kitu. Ubao ni mweusi au kahawia mtupu kutoka juu hadi chini, na msaada pekee ni vidoti vidogo ubavuni, upande unaomtazama mpigaji. Katika kikundi chetu tunaiita besi kipara.

Wapiga besi wanaweza kubishana juu ya jambo hili kama watu wa Simba na Yanga. Wenye kipara husema mistari ni magongo ya mtu asiye kiwete. Wenye mistari hujibu kwamba hakuna msikilizaji aliyewahi kulipa kiingilio ili atazame ubao. Kabla ya kuingia kwenye ugomvi wenyewe, turudi nyuma kidogo, maana historia yake ina kichekesho.

Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa besi ya umeme ya kushikwa kama gitaa, yenye freti, akaiita Precision, yaani usahihi. Jina lile lilikuwa tangazo kamili. Mpaka wakati ule mpiga besi alikuwa mtu wa dabalbesi, amebeba jinamizi la mbao lisiloingia kwenye gari, na kila usiku anatafuta noti kwa sikio katikati ya kelele za tarumbeta. Fender alimwambia: chukua hii, freti zitakutafutia. Na kweli zilimtafutia. Kisha haikupita miaka 10 watu wakaanza kuzing'oa.

Bill Wyman, ambaye baadaye alikuwa mpiga besi wa Rolling Stones, aling'oa freti za besi yake ya bei rahisi mwaka 1961. Nia yake ilikuwa kuweka nyingine mpya, lakini alipoisikia bila freti akaiacha hivyo. Mwaka 1966 kampuni ya Ampeg ikaanza kuuza besi ya umeme iliyotoka kiwandani bila freti, na mwaka 1970 Fender naye akauza Precision isiyo na freti. Kitu kilichoitwa usahihi kikauzwa baada ya kuondolewa kile kilichokifanya kiwe sahihi. Sijui nani katika idara yao ya matangazo alipewa kazi ya kulieleza hilo.

Aliyeipa besi hii jina duniani ni Jaco Pastorius, Mmarekani aliyezaliwa 1951 na kukulia Fort Lauderdale, Florida. Alikuwa na Fender Jazz Bass ya mwaka 1962. Inasimuliwa kwamba freti alizing'oa mwenyewe kwa kisu cha siagi. Mianya iliyobaki akaijaza dawa ya kuzibia mbao, kisha ubao wote akaupaka epoksi ya mashua ili nyuzi za chuma zisiutafune. Mtu wa mwambao hawezi kusoma habari hii bila kutabasamu: gitaa limezibwa na kupakwa dawa kama ngalawa inayoingia maji. Mwaka 1976 alitoa albamu yake ya kwanza, mwaka huohuo akajiunga na kikundi cha Weather Report, na tangu hapo kila mpiga besi anajua mlio ule, ule "mwaaa" unaofunguka polepole kama mtu anayeanza kuimba kabla hajafungua mdomo wote. Besi ile iliibwa New York mwaka 1986, naye akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 35. Ilionekana tena baada ya miaka 20.

Nimemtaja Jaco kwa sababu moja. Mianya ile aliyoijaza ilibaki ikionekana. Besi mashuhuri kuliko zote zisizo na freti ilikuwa na mistari. Fender imewahi kuuza besi ya kumbukumbu yake ikiwa na mistari, na pia imewahi kuuza ya Mwingereza Tony Franklin ambayo ni kipara kabisa, na wote wawili wanasikika vizuri. Kwa hiyo anayedai kwamba mistari ni ya wanafunzi tu, aanze kwa kumweleza marehemu Jaco.

Sasa hesabu, maana mimi ni mwanafunzi wa uhandisi na siwezi kujizuia. Uzi wa besi ya kawaida, kutoka juu ya shingo mpaka kwenye daraja, una urefu wa milimita 864. Nusu toni ya kwanza iko milimita 48 na nusu kutoka juu. Ukishuka mpaka oktava, katikati ya uzi, nusu toni moja ni kama milimita 25 tu. Wanamuziki huigawa nusu toni sehemu 100 wanazoziita senti. Karibu na kichwa cha shingo, kukosea kwa milimita 1 ni kukosea senti 2, jambo ambalo hakuna atakayelisikia. Kwenye oktava milimita ileile ni senti 4. Kosea pale milimita 5, ambazo ni chini ya nusu ya upana wa kidole changu, na umetoka nje kwa senti 20, moja ya tano ya nusu toni. Hapo hata mtu anayekula sambusa nyuma ya ukumbi atainua kichwa.

Watetezi wa mistari wana haki kubwa hapo. Sehemu ya chini ya shingo ni ngumu, na mstari unakupa mahali pa kutua unaporuka kutoka juu mpaka chini kwa mrumo mmoja. Wana hoja ya pili ambayo watu wa kipara hawapendi kuisikia, nayo ni kelele. Sikio ni mwamuzi mzuri pale tu linaposikia. Katika onyesho letu la mwaka jana ngoma zilikuwa upande wangu wa kushoto, spika zilikuwa mbele zinatazama watu, na mimi sikusikia besi yangu kabisa kwa nyimbo 2 nzima. Niliihisi tumboni tu. Mistari ndiyo iliyonivusha.

Lakini mistari nayo ina hila zake. Kwanza, unaitazama kwa mshazari. Mpigaji yuko juu na nyuma ya shingo, na kutoka pale kidole kinaonekana kimefika kabla hakijafika. Pili, mtu aliyezoea freti huweka kidole nyuma ya mstari, kama alivyofundishwa, na kwenye besi isiyo na freti hiyo ni noti iliyo chini. Kidole kinapaswa kuwa juu ya mstari wenyewe. Tatu, kuna besi ambazo vidoti vya ubavuni vimewekwa kati ya mistari kama kwenye gitaa la freti, na nyingine vimewekwa sawa na mstari. Ukihama kutoka moja hadi nyingine bila kuuliza, utapiga wimbo mzima katika noti ambayo hakuna mwenzako aliye nayo. Mimi nimeshafanya hivyo. Ilikuwa harusi ya watu.

Na daima kuna suala la shingo, yaani shingo ya mpigaji. Mwenye mistari huinama. Mpiga udi wetu, dada mmoja wa mwaka wa pili kutoka Mombasa, ana picha za maonyesho yetu matatu na katika zote sina uso.

Wapiga dabalbesi hawana mistari na hawalalamiki, lakini nao wana siri. Wanajua kwa kidole gumba mahali shingo inapokutana na mwili wa kinanda, na wanajua noti gani iko hapo. Kutoka hapo hupima mengine kwa nafasi ya mkono. Walimu wa fidla nao huwabandikia watoto utepe mwembamba shingoni, kisha siku moja huubandua. Hakuna anayemwita mtoto yule mdanganyifu.

Nilidhani ugomvi unaishia hapo: mistari mwanzoni, kipara baadaye, kama magurudumu madogo ya baiskeli ya mtoto. Bashrafu ndiyo iliyonivuruga.

Mimi ni mtu wa Tanga. Taarab niliyokulia ni ile iliyoathiriwa na vikundi kama Black Star na Lucky Star, vilivyoingiza magitaa ya umeme, na katika nyimbo nilizozizoea besi ya freti haina shida yoyote. Ami ni mtu wa Unguja, wa taarab ya fidla na udi na ganuni, ile ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, na ya Culture Musical Club, cha 1958. Huko onyesho hufunguliwa na bashrafu, kipande kisicho na maneno, na vinanda vyote hubeba melodia moja. Besi nayo. Na makamu nyingi za bashrafu zina noti ambazo piano haina.

Chukua Rast, ambayo ndiyo iliyoniaibisha. Ukianzia C, noti ya tatu si E na wala si E bemoli. Ipo katikati. Robo toni, tunasema kwa haraka. Kwenye besi yangu, uzi wa D, mstari wa kwanza uko milimita 48 na nusu kutoka juu na wa pili uko milimita 94. Noti ya Rast iko kama milimita 72. Yaani iko kwenye mbao tupu, zaidi ya sentimita 2 kutoka mstari wowote. Mistari yangu 20 na ushei, iliyotengenezwa kwa mashine na kusawazishwa kwa ustadi, haikuwa na hata mmoja unaoielekeza. Vibaya zaidi, ilikuwa inaniita. Jicho halipendi kutua mahali patupu. Kila nilipofika pale kidole kiliteleza chenyewe mpaka mstari wa pili, na Ami akashusha upinde.

Mpiga kodiani wetu hana tatizo hili. Kinanda chake hakina noti hiyo, kwa hiyo katika Rast hupumzika na kunywa chai.

Suluhisho langu la kwanza lilikuwa la kihandisi. Nilichukua penseli nyeupe nikachora mstari wa ziada penye milimita 72. Nilijivuna kwa siku mbili. Siku ya tatu Ami aliusikiliza, akasema, "Imekaribia. Ipandishe kidogo." Nikapandisha. "Sasa ndiyo. Lakini tukishuka, iteremshe." Nikamwuliza kwa kiasi gani. Akanitazama kama nimemwuliza chumvi ya pilau inaingia chembe ngapi.

Nikaenda maktaba, nikakuta kwamba swali langu lina zaidi ya miaka 1000. Udi wa zamani ulikuwa na alama shingoni. Wanazuoni walioandika juu ya muziki kwa Kiarabu waliziita dasatini, na walipima nafasi zake kwa uwiano wa urefu wa uzi. Mmojawapo wa wakubwa wao, al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, anaeleza mahali pa kidole cha kati panapoitwa kwa jina la mtu, Zalzal, mpiga udi wa Baghdad wa karne ya 8. Mtu mmoja alikuwa akiweka kidole mahali ambapo alama za kawaida hazikuwa na kitu, ikapendeza, na waliokuja baadaye wakapaita wosta ya Zalzal, kidole cha kati cha Zalzal. Al-Farabi anapapima kuwa 27 kwa 22 kutoka uzi ulio wazi. Nilipoihamishia hesabu hiyo kwenye uzi wangu, noti ya tatu ya Rast ilitua milimita 74. Milimita 2 juu ya mstari wangu wa penseli. Ipandishe kidogo, alisema Ami.

Nadharia ya Waturuki inaiweka noti hiyohiyo juu zaidi, karibu na E ya kawaida, kiasi cha milimita 87 kwenye besi yangu. Kutoka robo toni ya hesabu mpaka Istanbul ni milimita 15, kidole kizima, na wote wanaiita Rast. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, wakaja wataalamu wa Mashariki na Ulaya, na moja ya mambo waliyobishania ni kama oktava igawanywe sehemu 24 zilizo sawa ili kila robo toni iwe na mahali pake rasmi. Hawakukubaliana. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikafuta mstari wa penseli kwa mate.

Hapo ndipo nilipoanza kuitamani besi kipara. Besi ninayopiga si yangu. Ni ya rafiki yetu anayehitimu mwezi wa sita na kurudi kwao nayo, na ndiyo maana Chama kinanunua. Katika duka moja la vitu vilivyotumika tulikuta mbili za bei inayokaribiana, moja ya mistari na moja kipara, na mwenye duka alikubali tuiazime kipara kwa wiki moja kwa dhamana. Niliibeba kwa treni kama mtu aliyeiba.

Neno kidogo juu ya mbao, kwa sababu walimu wetu wa fasihi walinisahihisha nilipoleta rasimu. Besi ile ina ubao mweusi, na nilikuwa nimeandika "mpingo". Siyo. Mweusi ule unaouzwa madukani hapa kama mti wa vinanda ni jamii ya mdaku na miti ya ukoo wake, na mpingo wetu ni wa ukoo mwingine kabisa, ingawa wachongaji na wauza vinyago huwaambia watalii ni kitu kimoja. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji huishia zaidi kwenye klarineti na obo. Ubao mgumu una maana hasa kwenye besi isiyo na freti, kwa sababu nyuzi zinasuguana na mbao moja kwa moja. Nyuzi zenye mizunguko ya mviringo hulia vizuri na hula ubao. Nyuzi bapa hazili sana, na mlio wake ni wa kizito, karibu na dabalbesi. Kwa taarab nachagua bapa bila kufikiri mara mbili.

Siku ya kwanza na kipara ilikuwa fedheha. Nilikuwa nje kila mahali, si kwenye Rast tu. Siku ya pili nilifanya alivyonishauri dada wa udi: nikaacha uzi mmoja ulie peke yake mfululizo, nikatafuta noti nyingine juu yake, moja kwa dakika 5, macho yamefumbwa. Unaposogea karibu unasikia sauti mbili zikigongana, wa-wa-wa, kisha zinapungua kasi, kisha zinatulia. Mkono unaanza kukumbuka. Siku ya nne niligundua kwamba siinami tena, maana hakuna cha kutazama.

Tukafanya jaribio. Ami aligeuza kiti akakaa anatazama dirisha, nami nikapiga kifungu kilekile cha bashrafu mara 10, mara 5 kwa kila besi, kwa mpangilio aliouandika mpiga dumbaki kwenye karatasi. Ami alitakiwa kusema ipi ni ipi na wapi nimekosea. Nilitegemea aseme kipara imeshinda, ingekuwa hadithi nzuri. Haikuwa hivyo. Kipara ilikuwa na makosa mengi zaidi, na makubwa zaidi. Mara mbili nilitua mahali pa aibu kabisa. Lakini mara zote mbili, alisema Ami, nilijirudi kabla noti haijaisha, na yeye alisikia nikijirudi. Kwenye mistari makosa yalikuwa madogo, na hakuna hata moja nililolirekebisha. "Hii nyingine," alisema, akimaanisha ya mistari, "unaweka halafu unaondoka. Husikilizi. Umeshapewa ruhusa." Alizitambua besi 9 kati ya 10.

Neno hilo la ruhusa limenikaa. Mstari unakuambia umefika, nawe unaacha kuuliza.

Wanachama wengi wakilisikia hilo wanadhani tayari nimeshapiga kura. La. Nikifika mkutanoni nitapendekeza tununue ya mistari, na Ami analijua hilo, na hajafurahi.

Sababu zangu si za muziki peke yake. Besi hii si yangu, ni ya Chama. Mimi nahitimu mwakani. Atakayeishika baada yangu huenda akawa mtoto wa mwaka wa kwanza kutoka Bujumbura au Muscat au aliyezaliwa hapahapa, aliyewahi kugusa gitaa la kanisani au la shuleni na hajawahi kugusa fidla, anayefika Oktoba na kupewa wiki 8 mpaka onyesho la Desemba. Nikimpa kipara, atafanya nilivyofanya siku ya kwanza, na huenda asirudi siku ya pili. Tumeshapoteza wapigaji kwa njia hiyo. Ndivyo tulivyobaki na fidla 2 badala ya 4. Tena katika nyimbo 11 tunazopiga kwa mwaka, ni 3 tu zenye noti za kati, na zilizobaki mistari inazisema kweli.

Ami ana jibu lake, na ni haki nilitoe kama alivyolitoa. Anasema wapigaji tuliowapoteza hawakuondoka kwa sababu ya ugumu. Waliondoka kwa sababu hakuna aliyekaa nao. Yeye mwenyewe alijifunza Unguja akiwa mtoto kwa kukaa miguuni mwa mtu, sikio karibu na kinanda, na hakuna aliyemchorea chochote. "Mnataka mistari ifanye kazi ya mwalimu," aliniambia tukiwa tunangoja basi, "kwa sababu ninyi wenyewe mna haraka ya kwenda kusoma." Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli tunafanya mazoezi saa 2 tu kwa wiki, na nusu saa yake huenda katika kupanga viti.

Kuna njia ya tatu ambayo fundi mmoja wa vinanda alinielekeza: kununua kipara na kuongeza vidoti ubavuni kwa kila noti 12, badala ya vile 5 vya kawaida. Anayetazama kutoka ukumbini haoni kitu, na mpigaji ana pa kuanzia bila ubao mzima kumpigia kelele. Kazi hiyo ni ya jioni moja, ikiwa mkono ni imara, na vidoti vinaweza kuwa rangi ya kawaida ya kucha. Dada wa udi anaiunga mkono. Mweka hazina naye anaiunga mkono kwa sababu kipara ina bei chini kwa pauni 30. Mimi bado naona mtoto wa Oktoba akiitazama ile besi nyeusi tupu na kurudi nyuma hatua moja, lakini nakiri kwamba hoja hii imenitikisa.

Mkutano ni Alhamisi, saa 12 jioni, chumba kilekile cha mazoezi. Mwenye duka amekubali besi zote mbili ziwepo. Nitapiga nazo, na yeyote anayetaka kuzijaribu atazijaribu, hata kama hajawahi kushika kinanda, zaidi huyo. Njooni mmeshakula, kwa sababu mwaka jana mkutano wa mfuko wa muziki ulikwenda mpaka saa 4 usiku. Ami ameshaomba kiti kimoja kigeuzwe kitazame dirishani.